Mwenye Dhiki Chuoni Aseme na Nani?

Hapana tusi jepesi vinywani mwetu kama kumwambia mtu kuwa ametoka Mathari. Neno hilo hutamkwa barazani, hutamkwa ndani ya matatu, hutamkwa na mzazi mbele ya mwanawe, na waliopo wakacheka. Hospitali yenyewe ya Mathari, iliyoko Nairobi, ilianza mwaka 1910, zama za Mkoloni, na jina lake tumeligeuza fimbo ya kuchapia watu. Naam, leo twacheka. Lakini mcheka huyo huyo, au mwanawe, likimfika lake kesho atalificha, kwa kuwa ajua fika ni maneno gani yanayomngoja.

Nimeanza na tusi hilo kwa sababu ndilo lililosimama mlangoni mwa vyumba ambavyo nataka kuvizungumzia leo. Vyuo vikuu vyetu vina ofisi za ushauri nasaha. Ndani yake mna mtu aliyesomea kazi ya kumsikiliza mwenye dhiki na kumsaidia kuitafutia njia, na katika vyuo vingi mwanafunzi hatozwi chochote zaidi ya karo yake. Pamoja na hayo, wako vijana wanaosongwa na mawazo hata usingizi ukawahama, nao hupita mbele ya mlango huo wakageuza nyuso kama wapitao mbele ya kilabu cha pombe.

Mimi nasema kuwa kuingia mlango huo si wazimu, si uhaba wa imani, wala si uzungu. Ni jambo letu la kale lililohamia nyumba mpya. Lakini nasema pia kwamba nyumba hiyo mpya ina deni: haijajifunza vya kutosha lugha ya wale inaotaka kuwasaidia. Nitayaeleza yote mawili.

DINI

Hoja ya kwanza nisikiayo kwa wazee wenzangu wa Pwani ni hii: kijana akisali, akisoma Kurani na akamtegemea Mola wake, atataka mshauri wa nini? Kwao, huzuni ni dalili ya imani kulegea.

Tuliosomeshwa chuoni, nina maana vile vyuo vyetu vya Kurani vya kukalia mkeka, twajua kuwa hoja hiyo haisimami. Nabii Yaqub alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, naye alikuwa nabii. Nani atathubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa haba? Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliposhukiwa na wahyi mara ya kwanza alirudi nyumbani akitetemeka. Hakuificha hali yake. Alimweleza mkewe, Bibi Khadija, naye akamfunika, akamtuliza, akamkumbusha wema wake, kisha akampeleka kwa Waraqa, jamaa yake aliyekuwa mjuzi wa mambo hayo. Tazama mpango huo ulivyo: kwanza mtu wa karibu asikilizaye, kisha mtu mwenye ujuzi. Hivyo ndivyo kazi ya ushauri nasaha ilivyo hadi leo.

Wala haikuishia hapo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliishi mwanachuoni aitwaye Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, mzaliwa wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akashika ya kwamba nafsi huugua kama uuguavyo mwili na kwamba matabibu hawafanyi insafu wakitibu kimoja wakakiacha cha pili. Alipambanua huzuni ambayo sababu yake yajulikana, kama ya kufiwa au ya kupoteza mali, na huzuni inayomwingia mtu pasi na sababu aijuayo, akaeleza kuwa kila moja ina tiba yake. Basi atakayesema kuwa elimu hii ni ya Wazungu peke yao, na akapekue vitabu vya wazee wake kwanza.

DESTURI

Hoja ya pili ni kuwa mambo haya si desturi yetu. Sisi twafichiana aibu, hatumwagi siri mbele ya mtu baki. Hapa nitajibu kwa desturi hiyo hiyo.

Msichana wa Kiswahili alipokaribia kuolewa alikabidhiwa somo. Somo hakuwa mama yake, na hilo lilikuwa kwa makusudi, kwani yako ambayo mtoto hawezi kumwambia mamake. Somo alisikiliza, akafunza, akaonya, na aliyoyasikia hakuyatoa. Mwana Kupona binti Msham, alipoona ugonjwa wake hauna matumaini, mwaka 1858 alimtungia bintiye utendi mzima wa nasaha, na utendi huo wasomwa hadi leo. Neno lenyewe, nasaha, ni letu. Hatukulipokea kutoka chuo kikuu chochote.

Na matanga je? Mtu akifiwa, majirani hawamwachi. Watu huka naye siku tatu, wakala kwake, wakalala kwake, wakamsomea marehemu khitma, na mfiwa akasimulia mara kumi jinsi maiti wake alivyougua na alivyokata roho, na kila mara akapata wa kumsikiliza kama kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mjane naye hupewa eda ya miezi 4 na siku 10. Wazee wetu walijua kuwa huzuni ina muda wake, yataka watu, na yataka kusemwa. Hata ngoma za pepo, ambazo sitaki kuingia katika mjadala wa uhalali wake, zilimpa mwanamke fursa ya kutamka mbele ya watu madai ambayo siku zote aliyameza.

Basi desturi yetu haikuwa kunyamaza. Ilikuwa kuchagua mahali pa kusemea. Lililobadilika ni kuwa kijana wetu sasa yuko mbali na mahali hapo. Yuko Nairobi, au Eldoret, au Njoro, katika bweni la watu wasiomjua babake wala mtaa wake. Hana somo, hana baraza, na msiba ukimfika hana tanga.

MPWA WANGU

Nitoe mfano mmoja ambao naujua kwa undani. Ninayemtaja ni mpwa wangu; ameniruhusu nilieleze lake bila ya kumtaja jina wala chuo chake. Alitoka kisiwa kimoja cha Lamu mwaka 2023, mwaka ule ulioanza mpango mpya wa kugawa ufadhili na mikopo ya vyuo kwa kupima uwezo wa kila jamaa. Babake ni mvuvi. Fedha za mtihani, chakula na kodi zilimtia hesabu nyingi kichwani, lakini hizo alizimudu. Lililomwangusha ni kifo cha nyanyake aliyemlea.

Bibi huyo alifariki Alhamisi alasiri. Kama ilivyo ada yetu, hakulazwa sana. Alizikwa asubuhi ya Ijumaa kabla ya sala. Kutoka Nairobi hadi Mokowe kwa basi, kisha kuvuka kwa boti, hata lau kijana angeondoka dakika ile ile asingewahi kutia mchanga. Jumatatu alikuwa na mtihani. Akakaa, akaufanya. Wenzake walimpa pole, naye akashukuru, na jambo likaonekana limekwisha.

Halikwisha. Wiki zilizofuata hakulala, na akilala aliamka saa tisa za usiku moyo ukimwenda mbio. Chakula kilimkinai. Akaanza kukosa mihadhara, kwanza ya asubuhi, kisha yote. Alikuwa akisali, lakini, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akiinama na kuinuka tu. Aliyemtambua ni mwenzake wa chumba, kijana wa Kakamega, si Mswahili wala si Mwislamu, ambaye hakumtolea hotuba. Alimshika mkono, akamtembeza hadi kwenye ofisi ya ushauri, akamngoja nje.

Sasa sikiliza lililotokea ndani. Mshauri alimkaribisha kwa Kiingereza, akamuuliza ajisikiaje. Kijana akajibu kwa Kiingereza kuwa yu mzima. Akaulizwa kuhusu masomo, akajibu kuwa yaenda vyema. Dakika kumi zikapita hivyo. “Mjomba,” aliniambia baadaye, “kwa Kiingereza mimi nilikuwa mzima kabisa.”

Mshauri yule alikuwa na busara. Alisita, kisha akamwambia: haya, tuseme Kiswahili. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, “Nina kihoro.” Mshauri, mtu wa bara, hakulijua neno hilo, naye hakuona haya kuuliza maana yake. Basi kijana akaanza kumfafanulia: kihoro ni ile huzuni ya mtu aliyepotelewa, na mimi nimepotelewa na nyanya, na sikumzika. Kuieleza maana ya neno moja kulichukua saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, alilia. Tanga lake aliliweka mle chumbani, na mwombolezaji alikuwa mmoja.

Alirudi mara sita. Sitamdanganya msomaji kuwa alitoka huko akicheka. Mtihani mmoja ulimshinda akaurudia. Lakini analala, anakula, na angali chuoni.

LUGHA

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niandike haya katika ukurasa wa utamaduni badala ya kuwaachia waandishi wa afya. Kiswahili si maskini wa maneno ya dhiki. Kina huzuni, ambalo ni jina la jumla. Kina majonzi, kina simanzi, kina jitimai, kila moja kwa uzito wake. Kina kihoro cha aliyepotelewa, na ukiwa wa aliyeachwa peke yake. Kina jakamoyo, ile hofu ya jambo ambalo bado halijafika, na mwanafunzi yeyote anayengoja matokeo ya mtihani anaijua hata kama jina lake halijui. Kina wasiwasi na fadhaa. Wataalamu nao wametuongezea sonona, kwa ule ugonjwa wa huzuni isiyotoka.

Siku hizi mali yote hiyo tumeifunga furushi moja tukaiita stresi. Aliyefiwa ana stresi, aliyenyimwa mkopo ana stresi, aliyeachwa na mchumba ana stresi, na aliye karibu kukata tamaa ya maisha naye ana stresi. Kama kila maumivu yana jina moja, mshauri atajuaje lipi dogo na lipi la hatari? Na kijana mwenyewe atajuaje?

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969, akakaa kizuizini hadi mwaka 1972. Katika upweke wa jela alitunga mashairi yake juu ya karatasi za msalani, na mwaka 1973 yakatoka kitabuni kwa jina la “Sauti ya Dhiki”. Naomba vijana walitazame jina hilo tu. Dhiki ikipata sauti huweza kubebeka. Na sauti yenyewe, kwa wengi wetu, haiko katika lugha tuliyofanyia mtihani. Iko katika lugha tuliyolilia tukiwa wachanga, iwe Kiswahili, Kigiriama, Kiluo au Kisomali.

SITARA

Liko jambo jingine linalowarudisha vijana mlangoni, nalo ni hofu ya siri kutoka. Hofu hiyo si upuuzi. Ofisi ya ushauri mara nyingi huwekwa chini ya idara ile ile inayoshughulikia mambo yote ya wanafunzi, na mwanafunzi hujiuliza kama atakayoyasema leo hayatasomwa kesho mbele ya kamati ya nidhamu.

Kwa hivyo yafaa ijulikane wazi. Mshauri nasaha hutakiwa na taratibu za kazi yake kutunza siri. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia ili kazi yao isimamiwe na wasiingie wababaishaji. Katiba yetu ya mwaka 2010 yalinda faragha ya mtu, na sheria ya mwaka 2019 yalinda habari zake zilizoandikwa. Siri huweza kufunguliwa pale ambapo uhai wa mtu umo hatarini, na hata hapo hufunguliwa kwa wanaoweza kumwokoa. Hii ndiyo sitara tunayojisifia sisi watu wa Pwani. Haikuja kuivunja, imekuja kuiandika.

Tena iko habari ambayo wengi hawajaipata. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mkoloni, katika kifungu chake cha 226, ilimhesabu mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka 2. Fikiri: mtu amezama, na anayefika kumtoa majini ni askari mwenye pingu. Waingereza wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961; sisi tukaendelea kuibeba mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba. Basi mwanafunzi aliyefikwa na mawazo hayo mazito na ajue kuwa akiyasema hajikabidhi kwa polisi. Aende kwa mshauri wa chuo, aende hospitali yoyote, au apige nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haitozwi malipo. Na aliye naye chumbani asimwache peke yake, kama kijana yule wa Kakamega.

DENI

Sasa niwageukie wenye vyuo. Nchi hii imeuona mchango wa washauri katika siku mbaya. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika chuo kikuu cha Garissa, Msalaba Mwekundu liliweka watu wa kuwatuliza walionusurika na jamaa za waliofariki. Mwaka 2020, jopo lililoundwa na serikali kuchunguza afya ya akili lilipendekeza maradhi haya yatangazwe kuwa janga la taifa, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Karatasi tunazo. Lakini msiba mkubwa hauji kila siku. Unaokuja kila siku ni ule mdogo wa mtu mmoja, usioandikwa gazetini.

Vyuo na viongeze washauri, kwani ofisi moja kwa maelfu ya wanafunzi ni sawa na kisima kimoja kwa mji mzima. Na vipange miongoni mwao wanaojua lugha za wanafunzi, na katika mlango wao waandike kwa herufi kubwa kuwa Kiswahili chapokelewa humo. Na vitenge mlango huo na ofisi za nidhamu, mtu aingie bila ya kutazamwa. Wahadhiri nao, wakiona kijana hodari ametoweka darasani wiki tatu, wamuulize kabla ya kumwandikia sufuri.

Kwa wazazi nina neno moja. Mwanao akikupigia simu akakwambia halali, usimkatize kwa kumuuliza kama amesali. Msikilize mpaka amalize, umwombee dua, kisha umuulize kama chuoni kwao kuna mshauri. Dua na mshauri hawagombani, kama dua na daktari wa malaria wasivyogombana.

Nami kwa kuwa ni mtu wa tungo, nawapa vijana ubeti huu wakaubandike wapendapo:

Mwenye ugonjwa wa mwili, huambiwa kajitibu,
Wa moyo akisaili, hujibiwa kwa aibu,
Tuziwate hizo hali, tumwite aje karibu,
Kunyamaa si tabibu, kunena ni afueni.

Mwanafunzi unayeyasoma haya na kifua kimekubana, mlango uko wazi kesho asubuhi. Ingia. Na ukiulizwa u hali gani, jibu kwa lugha yako.